Elfu ishirini ya juisi

Mwulize kijana anayepitisha juisi maofisini kule Mwenge anapata ngapi kwa siku, atakujibu bila kusita: "Elfu ishirini." Hadanganyi. Chupa ishirini za sh. 1,000 huisha kabla ya saa tisa. Ila hayo ni mauzo. Faida hajaipigia hesabu, na wengi wanaoanza biashara hawaipigii mpaka siku mtaji unapokata.

Tuipige basi, kwa bei za kukadiria. Maembe, pasheni na parachichi 9,000, sukari 1,500, chupa tupu 4,000, barafu 1,000. Jumla 15,500, zimebaki 4,500. Bado blenda. Aliinunua 150,000, na kwa kazi ya siku 26 kila mwezi, mwaka ukiisha nayo imekwisha. Kwa hiyo kila siku inakula karibu 500. Wahasibu tunaita uchakavu, gharama inayosahaulika kuliko zote kwa kuwa hakuna anayekuja kuidai. Chake ni 4,000, na hapo hajala, hajapanda daladala, hajaweka bando.

Sasa aje mtu wa mikopo ya kausha damu na laki moja mkononi, marejesho 5,000 kwa siku, siku 26. Anayeamini anaingiza 20,000 ataona ni robo tu, atasaini. Mwenye daftari ataona palepale kwamba marejesho yanameza faida yote na bado yanadai 1,000 nyingine, ambayo itachomolewa kwenye pesa ya maembe. Utasema laki hiyo itaongeza chupa. Sawa, lakini wanywaji wa chupa hizo za ziada wapo, au wale wale wa jana wataanza kukopa mpaka mwisho wa mwezi?

Mikopo ya halmashauri ni afadhali, maana haina riba. Hutokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu wa kuitoa upangwe upya, ikarudi 2024. Lakini nayo hurejeshwa, na hesabu ya marejesho ni ile ile.

Daftari lenyewe ni la shuleni tu. Tarehe, mauzo, matumizi, waliokopa. Juisi uliyokunywa mwenyewe iandike, na ile uliyompa mlinzi ili akufungulie geti iandike pia, maana matunda yake uliyanunua. Pesa unayomtumia mama kijijini nayo iwe na mstari wake. Ikichanganyika na mtaji kwenye laini moja ya simu, hutajua nani amemaliza nini. Lipa namba ya biashara peke yake inasaidia sana hapo.

Kuna faida nyingine ya daftari ambayo vijana hawaambiwi. Mauzo ya 20,000 kwa siku 26, miezi 12, ni sh. 6,240,000. Kwa jedwali la kodi ya makadirio lililopitishwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka. Anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa muuza juisi wetu ni 67,200. Tofauti ni 32,800, zaidi ya faida yake ya siku nane.