Je, Wajua? Jino Lako Limelika Wapi?

Je, wajua kwamba enameli, lile ganda jeupe la nje ya jino, ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini? Karibu asilimia 96 yake ni madini. Ila haina chembe hai: mfupa ukivunjika huunga, enameli ikilika haioti tena.

Ngara na Biharamulo, kama kwingineko, meno yakifupika watu husema ni uzee. Uzee umo, lakini angalia kwanza yamelika wapi.

Magego yamekuwa bapa, yanang'aa, na ya juu yanakaa sawia juu ya ya chini? Ni kusaga meno, mara nyingi usingizini. Unayelala naye chumba kimoja huenda anajua kabla yako.

Mfereji wa umbo la V shingoni mwa jino, karibu na ufizi? Shuku mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu. Mkaa na majivu huongeza msasa.

Vishimo kama vikombe juu ya magego, na njano ndani yake? Hiyo ni asidi, na ile njano ni dentini iliyobaki wazi, ndiyo maana maji baridi yanatia ganzi. Enameli huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5 hivi, soda za kola zina takriban 2.5. Dereva wa lori anayeionja chupa moja kidogo kidogo kutoka Nyakanazi hadi Benaco anayaumiza meno kuliko anayeimaliza papo hapo na chakula. Mate huhitaji muda wa kuipoza asidi, naye hayapi.

Yamelika upande wa ndani, meno ya mbele ya juu? Asidi imetoka tumboni: kiungulia cha muda mrefu au kutapika mara kwa mara. Mama mjamzito anayetapika asikimbilie mswaki. Asukutue kwa maji, asubiri kama nusu saa.

Alama za jino husimulia na tabia: je, wajua kwamba mikwaruzo kwenye meno ya taya la binadamu wa kale wa Olduvai lenye umri wa miaka milioni 1.8 iliwaonyesha watafiti, mwaka 2016, kwamba mwenyewe alitumia mkono wa kulia?

Ukifika hospitali, iwe Murgwanza, Rulenge au Biharamulo, taja unachokunywa na kiungulia chako. Usipotaja, jino litazibwa na asidi itaendelea kula pembeni mwa zibo.