Homa Mbili Ndani ya Mwili Mmoja

Mapema mwaka 2020, wagonjwa wawili nchini Singapore walipimwa damu kwa kipimo cha haraka, kikaonyesha dengue. Baadaye ikabainika kuwa wana UVIKO-19, yaani corona, na dengue hawakuwa nayo kabisa. Majibu ya kipimo yalikuwa yamewapotosha madaktari.

Lakini dengue yenyewe ilikuwapo, tena kwa wingi. Mwaka huo Singapore iliandikisha wagonjwa wa dengue zaidi ya 35,000, idadi ambayo haikuwahi kuonekana nchini humo. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengue, huuma mchana na hutaga mayai kwenye maji yaliyotuama nyumbani: visahani vya maua, ndoo, mapipa. Amri ya kukaa ndani kwa ajili ya corona haikuwa sababu pekee, ila iliwaacha watu na mbu chini ya paa moja kutwa nzima.

Siku za mwanzo dengue na corona hazitofautiani: homa, kichwa, viungo kuuma. Ugumu huja zinapompata mtu mmoja kwa pamoja. Corona kali huelekea kugandisha damu mishipani, ndiyo maana wagonjwa waliolazwa huchomwa heparini kuzuia mabonge. Dengue hupunguza chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na mgonjwa anaweza kutokwa damu. Dengue ikifanya mishipa midogo ivujishe, dripu huokoa maisha. Dripu hiyohiyo ikizidi, mapafu yaliyokwisha kushambuliwa na corona hujaa maji. Hapo daktari hana dozi ya kukariri. Hupima presha, mkojo na damu, kisha baada ya saa chache hupima tena.

Kwetu Afrika Mashariki, mwenza wa corona mara nyingi ni malaria. Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2022 uliwachunguza wagonjwa wa corona karibu 600, na takriban asilimia 12 walikutwa pia na malaria. Kwa hiyo aliyekutwa na vimelea vya malaria lakini anahema kwa shida asirudishwe nyumbani na dawa mseto tu. Apimwe na corona.

Kinachonitia hofu zaidi ni pale homa ya dengue inaposhuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Ndugu hushukuru Mungu na kuomba ruhusa waondoke, kumbe ndipo mishipa huanza kuvuja. Tumbo la mgonjwa likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au mikono ikiwa ya baridi, mrudisheni hospitali saa hiyohiyo. Na maadamu dengue inashukiwa, maumivu yatulizwe kwa paracetamol. Aspirini, ibuprofen na diclofenac huongeza hatari ya kutokwa damu.