Kijapani cha Nyumbani kwa Mama Mgeni

Mume anapopata nafasi ya masomo Japani na familia ikamfuata, mara nyingi watoto huishika lugha kabla ya mama yao. Kununua vitu dukani kwa kuonyesha kidole si tatizo kubwa. Tatizo ni siku ile daktari anapouliza mtoto ana nini, na mtoto mwenyewe, mwenye miaka saba, ndiye anayemtafsiria mama ugonjwa wake.

Kwa matamshi, mama anayesema Kiswahili ana bahati. Kijapani kina irabu zetu tano, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu: mizu (maji), sakana (samaki), tamago (yai). Angalia tu mahali pa kuvuta. Kama kwetu kufa si kufaa, kwao obasan ni shangazi na obaasan ni bibi. Jirani wa miaka arobaini hatafurahi ukimvutia ile a!

Anza na maneno ya mlangoni. Anayetoka husema ittekimasu, naye anayebaki hujibu itterasshai. Anayerudi husema tadaima, na wa ndani humjibu okaeri. Kabla ya kula wote husema itadakimasu. Mtu aliyelelewa kwa hodi na karibu hatayaona mageni.

Katika sentensi, kitenzi hukaa mwisho. Kodomo wa mizu o nomimasu, yaani “mtoto maji anakunywa”. Kijineno wa hufuata anayezungumziwa, na o hufuata kile kinachonywewa. Nomimasu ni anakunywa, nomimashita alikunywa, nomimasen hanywi. Basi usimkatize mtu, kwa sababu kukubali na kukataa viko mwishoni kabisa. La kufurahisha ni kwamba kitenzi hicho hakibadiliki, awe ni mimi, wewe au wao. Lakini katika kuhesabu, penseli moja ni ippon, karatasi moja ichimai, paka mmoja ippiki. Sisi wenye mtu mmoja na kitu kimoja hatuna haki ya kulalamika.

Ukimtaja mama yako mbele ya wageni, sema haha. Mama wa mwenzako ni okaasan. Mume naye, wakishapata watoto, mara nyingi humwita mkewe okaasan, kama hapa kwetu anavyoitwa Mama Asha.

Maneno ya hospitali usiyaahirishe. Itai ni “inauma”: atama ga itai, kichwa kinauma, onaka ga itai, tumbo linauma. Netsu ga arimasu, ana homa. Gari la wagonjwa huitwa kwa simu namba 119. Sema kyuukyuu desu, kisha utaje mahali ulipo. Mama mjamzito akijiandikisha katika ofisi ya mji hupewa boshi techou, kitabu cha afya ya mama na mtoto kilichoanza kutolewa mwaka 1948. Ulizia nakala ya lugha unayoielewa, kwani miji mingi inazo.

Kusoma na kuandika, jifunze pamoja na mtoto wa darasa la kwanza. Herufi za msingi za hiragana ni 46, na mwaka huo wa kwanza hufundishwa kanji 80. Zile 1,026 za shule ya msingi nzima zisikutishe sasa. Kuna daftari, renrakuchou, linalosafiri kati ya mwalimu na mzazi. Mtoto akiamka mgonjwa, sentensi moja inatosha humo: Netsu ga aru node, yasumimasu. Ana homa, kwa hiyo leo haji.