Mnyauko wa migomba: ugonjwa unaodai majirani wapatane

Ndugu wasomaji wa Katindo, wengi wenu mliacha migomba mlipokimbia Masisi. Siku mtakaporudi, pengine mtakuta majani yamenyauka na kuwa ya manjano, na ndizi zimeiva kabla ya wakati, ndani zina rangi ya kahawia. Ukikata shina, linatoa utomvu mzito wa manjano.

Huo ni mnyauko wa bakteria. Ulionekana Masisi na Uganda mwaka 2001. Kabla ya hapo ulijulikana Ethiopia tu. Si uchawi wala sumu ya jirani. Wadudu huubeba kutoka ua hadi ua, na sisi wenyewe tunaubeba kwa panga na kwa machipukizi tunayopanda.

Hakuna dawa ya kuutibu, lakini unaweza kuzuiwa:

1. Kata shina linaloumwa peke yake, usawa wa udongo. Zamani tulishauriwa kung'oa shina lote na machipukizi yake. Kazi hiyo ni nzito, na mara nyingi machipukizi mengine bado ni mazima. Pita shambani kila juma, ukate kila shina jipya linaloonyesha dalili.

2. Ndizi za mwisho zikishatokea, vunja ua la chini ya mkungu kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu.

3. Choma panga motoni kabla ya kwenda kwenye mgomba mwingine.

4. Usilishe mbuzi wala ng'ombe mashina yaliyokatwa, na usiyatumie kufunika udongo. Funika kwa majani makavu yasiyo na ugonjwa. Samadi na maharage yatarudisha nguvu ya udongo.

5. Usichukue machipukizi katika shamba lenye ugonjwa.

Lakini juhudi ya mtu mmoja haitoshi. Shamba lisilotunzwa huambukiza yale ya jirani, na mara nyingi mwenyewe yuko mbali kwa sababu ya vita. Je, akatiwe migomba bila kujua? Akirudi akikuta visiki, ugomvi wa ardhi unaweza kuzuka.

Viongozi, hapa ndipo mnapohitajika. Mtafuteni mwenye shamba au ndugu yake, hata kwa simu. Kateni mbele ya mashahidi wa pande zote, mkiandika idadi ya mashina. Semeni wazi kwamba kukata ugonjwa si kuchukua shamba. Hivyo migomba itapona, na ujirani pia.