Miaka Kumi na Miwili na Mfuko wa Risiti

Swali ni lilelile. Huulizwa na wapangaji wa nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa mijini, na huulizwa hata Kasesya, mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako ghorofa ni la kutafuta na nyumba ya kupanga ni chumba cha tofali za kuchoma kando ya njia ya malori yaendayo Mbala: "Nimekaa miaka kumi na miwili. Si imeshakuwa yangu?"

Haijawa. Hata akifikisha arobaini haitakuwa.

Waliompa matumaini wamesoma nusu ya sheria. Sheria ya Ukomo wa Madai humpa mtu miaka 12 kufungua shauri la kurudisha ardhi yake, na wanasheria wa kijiweni hufunga kitabu hapo. Mahakama ya Rufani iliendelea kusoma. Mwaka 2018, katika rufaa ya masista wa Roho Mtakatifu, ilitaja masharti ya anayedai ardhi kwa sababu ya kuikalia: mwenyewe awe ameitelekeza, mdai awe ameikalia waziwazi bila ridhaa yake, asiwe na haki nyingine zaidi ya huko kuingia na kukalia, na miaka 12 ipite bila kukatizwa. Masharti hayo hayachaguliwi kama nyanya sokoni, yanatakiwa yote.

Mpangaji hukwama kwenye ridhaa. Aliingia kwa sababu alikabidhiwa ufunguo. Tena ana mfuko wa nailoni, chini ya godoro, uliojaa risiti tangu mwezi wa kwanza, nao ndio anaoumwaga mezani kwa wakili kwa fahari. Masikini! Kila karatasi humo inasema mwenye nyumba ni mwingine.

Imani hii ina mizizi, si ujinga mtupu. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 Msajili akaunganishwa na Shirika, lililokuwapo tangu 1962. Kodi zilidhibitiwa kisheria hadi udhibiti huo ulipofutwa mwaka 2005, kwa hiyo watu walikaa, wakazeeka, wakawaachia watoto funguo. Halafu miaka ya 2000 Serikali ikawauzia watumishi wake maelfu ya nyumba. Ikawauzia! Kwa uamuzi wake na kwa bei. Kukaa sana hakukumpa mtu hati.

La kufanya ni fupi. Mkataba uandikwe. Kodi ilipwe kwa njia inayoacha kumbukumbu. Nyumba ya Shirika isipangishwe kwa mtu wa tatu kimyakimya. Mgogoro uanzie kwenye usuluhishi wa kata, ukishindikana uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayetaka umiliki wa ghorofani anunue: Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu kila sehemu ya jengo kuwa na hati yake, na wamiliki kuunda chama cha kusimamia ngazi, paa na bomba za pamoja.

Sasa limezuka toleo jipya la imani hiyo. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, na ya nyumba ya kawaida imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 kwa mwezi. Wapo wanaosema: "Nalipia jengo, basi jengo langu." Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyekatwa aandike kiasi daftarini na kukidai kwenye kodi ya pango inayofuata.