Goti Lisilouma Si Lazima Liwe Limepona

Oktoba 2020, beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, aliumia ligamenti ya msalaba ya goti, akafanyiwa upasuaji mwezi huohuo. Mei 2021 alijiondoa katika mashindano ya Ulaya. Akarejea uwanjani Julai, takribani miezi tisa baada ya upasuaji.

Subira hiyo ina msingi wa kitabibu. Ligamenti iliyochanika hubadilishwa kwa kipande cha kano, aghalabu cha mgonjwa mwenyewe. Kipande hicho hudhoofika kwanza, kisha hujengwa upya na seli na mishipa mipya ya damu. Maumivu na uvimbe huisha mapema, ilhali ligamenti huchelewa kukomaa. Hapo ndipo penye hatari: mchezaji hujiona mzima, na kocha anamhitaji.

Kwa hiyo, ruhusa ya kucheza isitolewe kwa kalenda pekee. Baada ya angalau miezi tisa, misuli ya mbele ya paja ifikie walau asilimia 90 ya nguvu za mguu usioumia. Mchezaji aruke na kutua kwa mguu mmoja bila goti kupinda kwa ndani. Asiyefuzu aendelee na mazoezi ya tiba. Kusubiri wiki chache ni nafuu kuliko upasuaji wa pili.