Benki nayo inaweza kuishiwa keshi

Mawakala wenzangu wa Kasulu na Kibondo mnanielewa: msimu wa maharage kila mtu anataka kutoa, floti imejaa kwenye simu, droo haina kitu. Mteja anahamia kwa jirani.

Benki iko hivyo hivyo. Hela uliyoweka unaweza kuidai leo, ila wameshamkopesha mtu atakayemaliza kulipa mwakani. Ndiyo maana sehemu inakaa Benki Kuu, nyingine inabaki kwenye sefu, na ukienda kukopa wanakubana na dhamana. Sio roho mbaya (foleni zao ndio roho mbaya!).

Na huwa zinaanguka kweli. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mtaji mdogo, ikiwemo ya wananchi Njombe. Bima ya Amana inakulinda mpaka milioni 7.5 kwa kila benki. Una zaidi ya hapo? Gawanya benki mbili.